Mama Hakumkataza

Darasani walimwita Bisibisi, kwa kuwa hakuna mashine ya hospitali iliyoweza kumficha ubovu wake. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea ufundi wa vifaa vya tiba. Mwalimu wake alipompatia nafasi ya mafunzo nje ya nchi, katika kiwanda cha mashine za kupumulia, wenzake walimpigia makofi mpaka akaona haya. Kesho yake akaenda kwa mwalimu, macho chini.

"Mama hataki."

Mwalimu hakubisha. Mzazi akikataa, utafanyaje?

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mama alikuwa fundi cherehani, na wiki ile ile mwalimu alimpelekea sketi iliyombana. Akiwa anapimwa kiuno, akasema, "Mama, ungemwachia tu mtoto aende."

"Aende wapi?" mama akauliza, tepu ikimning'inia mkononi.

Bisibisi aliporudi nyumbani alikuta cherehani kimya. Mama hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mwanangu, nimekukataza lini? Umenishonea gauni la ubaya bila hata kunipima!"

Bisibisi akatazama mlango wa chumba cha uani. Humo aliishi mjomba wake, mdogo wake mama. Aliondoka kwenda kusoma ng'ambo akiwa mcheshi wa mtaa mzima. Akarudi kabla ya kumaliza, na tangu hapo hukaa ndani, pazia limeshushwa.

"Naogopa, mama. Mjomba alinishinda akili, na tazama alivyorudi."

Mlango ukafunguka.

"Niliugua," mjomba akasema. "Kwenye simu nikawa nawaambia mimi ni mzima. Nimerudi, hakuna aliyeniuliza. Sasa mmenigeuza zimwi la kutishia watoto?"

Akafunga mlango. Mama akakaa kitako, mikono mapajani.

Asubuhi Bisibisi alimweleza mwalimu ukweli. Nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwanafunzi mwingine.

"Ungeniambia unaogopa, tungezungumza," mwalimu akasema kwa uchungu. "Labda mwakani."

Labda. Hata ikija, Bisibisi hakujua atajibu nini. Hofu haikuwa imemtoka. Jioni akachukua vikombe viwili vya chai, akabisha hodi chumba cha uani. Mjomba akampisha. Wakaanza kunywa.

"Mjomba," Bisibisi akasema, "uliugua nini?"