Mzee wa Kanisa na Kanda ya Mapenzi

Mwezi uliopita nilirudi kwetu, upande ule ambako chai ya Kericho inapakana na ya Bomet, na kitu cha kwanza nilichokwenda kutazama kilikuwa holi. Ule ukumbi wa kampuni, katikati ya laini za wafanyakazi, sasa ni stoo ya mashine za kuchuna majani. Mlango una kufuli kubwa. Nilichungulia kwenye ufa wa ukuta nikanusa petroli, na wewe rafiki yangu usinicheke, machozi yalinitoka. Sinema zote za mapenzi nilizopenda utotoni niliziona humo ndani.

Enzi hizo, kila Jumapili tulitoka kanisani saa saba, tukala ugali na mboga za managu zilizopikwa kwa maziwa, tukaosha vyombo mbiombio, kisha kila mtu akabeba stuli yake kichwani. Sisi tulikuwa na shamba letu dogo la chai nje ya ua wa kampuni, lakini hakuna aliyetufukuza. Nyanya yetu, tuliyemwita Kogo, ndiye aliyetangulia njiani. Holi ilinuka makoti yenye unyevu na mahindi ya kuchoma. Runinga ilifungiwa ndani ya waya juu ya meza, na jenereta ilinguruma nje kama ng'ombe mwenye kikohozi.

Sinema zilitoka Uhindi. Hakuna aliyejua lugha yao, kwa hivyo mwalimu wa Sunday school alisimama kando ya runinga na fimbo, akatufasiria. Alikuwa mtu wa ziwani, si wa kabila letu, karani wa kiwandani siku za kazi, na sauti yake ilifika hadi bafu za laini. Kwake yeye kila hekalu lilikuwa kanisa, na ile alama nyekundu kwenye paji la uso ilikuwa ya ubatizo. Tajiri mwenye masharubu alikuwa diwani aliyenyakua ploti za wajane, nasi tulimzomea mpaka koo zikauma. Msimamizi wa holi alipomwonya kwamba hataki siasa humo, Jumapili iliyofuata yule diwani akawa mchawi. Tulimzomea vilevile, tukijua ni nani.

Vijana wa sinema walipokaribiana sana, mwalimu alifungua koti lake akaziba kioo chote, akaanza kutueleza Amri Kumi. Sisi watoto tulichungulia chini ya makwapa yake. Kogo hakujali busu. Kilichomkera ni wale wapenzi kuimba wakikimbia katikati ya mashamba ya chai, maana kwao kuna vilima kama vyetu. Alinung'unika kwamba wanavunja machipukizi ya watu, na kwamba mwenye shamba angewatafutia kiboko.

Sasa sikiliza. Dada yangu mkubwa alikuwa amempenda fundi mmoja wa kiwandani, naye mtu wa ziwani. Alikuwa kijana mpole, mwimbaji wa kwaya, tena mchamungu kuliko sisi. Baba alikataa. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwa mtu wa makelele. Alisema tu kwamba mila za watu wale si zetu, kisha, maana kwetu kura huja na vita vya makabila, akatamka lile lililokuwa moyoni mwake. "Kura ikifika, nani atakulinda?" Dada alilia jikoni siku nzima. Mama aliendelea kuchochea moto, na mimi nilimchukia baba kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Bahati ilikuja kwa mlango wa kanisa. Wazee walipata malalamiko kwamba sinema za holi zinafundisha wasichana kiburi, wakamtuma baba akakague. Dada akapata habari. Kulikuwa na kanda aliyoiona kwa rafiki yake kule Chepilat, ya msichana na mvulana wa dini mbili, na baba anayekataa. Alisafiri kuiazima, akamkabidhi mwalimu, akamwomba kitu kimoja tu, kwamba aifasiri vizuri. Mwalimu aliapa.

Jumapili hiyo baba aliketi benchi la nyuma, amevaa suti yake ya meza ya Bwana. Mwalimu alimwona. Masikini, alikuwa mgeni kwenye nchi ya watu, na mzee wa kanisa alikuwa amemkodolea macho. Tangu dakika ya kwanza akaigeuza sinema yote. Msichana akawa mkaidi aliyemtoroka Mungu, mvulana akawa mlevi, na yule baba kwenye kioo, eti anasema mtoto atakayewaheshimu wazazi atapata heri duniani. Nilimwona baba akitikisa kichwa kukubali. Dada alikuwa ameinamisha uso magotini.

Halafu mvua ya mawe ikaanguka. Unajua mvua ya kwetu ya saa tisa. Kwenye mabati huwezi hata kujisikia ukikohoa. Mwalimu alifungua mdomo, akafunga, fimbo ikateremka. Tukabaki na picha peke yake. Msichana alifunga furushi la nguo, akagusa miguu ya mama yake, akatoka. Yule mzee, baba yake, hakumzuia. Aliketi. Akala peke yake, akasogeza sahani ya pili, akairudisha, akaisogeza tena. Watu mia tuliifuata ile sahani kwa macho.

Mvua ilipopungua mwalimu alikohoa, akanyoosha fimbo, akasema mzee amefurahi kwa sababu nyumba yake imebaki safi.

Kogo akasimama. Alisema kwa Kipsigis, na mtu akamfasiria mwalimu wetu mfasiri, jambo ambalo siku nyingine lingetuchekesha.

"Mwalimu, huyo mzee analia. Mimi nimezika watoto wawili. Usiniambie hiyo ni furaha."

Mwalimu alitazama kioo, akamtazama Kogo, mwishowe akamtazama baba. "Mama, nisamehe," akasema. "Mimi sijui hawa watu wanasema nini. Sijawahi kujua." Nilidhani watu watamzomea. Hakuna aliyefanya hivyo. Nadhani wote tulikuwa tunajua.

Nyumbani baba hakuvua suti. Dada alimfuata mpaka zizini, na mimi nikiwa nafunga ndama nilisikia kila kitu. Hakubishana juu ya mila wala dini. Alisema, "Baba, umeniuliza nani atanilinda. Hata mimi nakuuliza. Siku hiyo nikija mbio na mtoto mgongoni, utanifungulia?" Baba alichukua ndoo akaenda kumkama ng'ombe aliyekwisha kukamwa. Alikaa pale muda mrefu na ndoo tupu.

Jumapili tatu zikapita. Kwenye mkutano wa wazee alisema sinema hazina ubaya, ila mwalimu aache kuhubiri. Jioni ile ile akamwambia dada, bila kumtazama, yule fundi alete watu wake. Walikuja na mwavuli mmoja kwa watu saba. Walipopewa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, mjomba wao mkubwa alikodoa macho kuona rangi yake ya majivu, akavuta pumzi, akamaliza kikombe chote. Kogo alimpenda tangu hapo.

Na kura zilifika, miaka mitatu baadaye, na ubaya wake. Walikuja asubuhi, dada na mumewe na godoro na mtoto, na baba alikuwa tayari langoni. Saa nne vijana wa kwetu wakafuata, wakiwasaka watu wa ziwani. Wengine niliwajua, baba mwenyewe ndiye aliyewasomesha ubatizo. Waliuliza kwa adabu kama kuna wageni. Baba alikuwa ameegemea mlango kwa mgongo. "Hapa hakuna wageni," akasema. "Hawa ni watoto wangu." Wakatazamana, wakaenda zao.

Leo dada na mumewe wana chai yao kule Kipkelion. Watoto wao wanatazama mapenzi kila mtu kwenye simu yake, na maneno yameandikwa chini, hakuna wa kuwadanganya wala wa kuwaziba macho kwa koti. Kogo hayupo. Mwalimu alirudi kwao ziwani. Baba tulimzika mwaka juzi, na shemeji ndiye aliyechimba kaburi mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Nilimwuliza baba wakati mmoja, nikiwa mtu mzima, kama siku ile ya mlangoni hakuogopa. Akacheka. Alisema aliuegemea mlango kwa sababu miguu ilikuwa inatetemeka, angejaribu kusimama wima angeanguka mbele yao. Watu walioogopa hivyo na wasitoke mlangoni, rafiki yangu, hao ndio ninaowakumbuka kwa uchungu.