Mtoto wa Kabaila na Mlinzi Wake

Asubuhi, mwanga unaingia taratibu kupitia dirisha refu la jumba la makumbusho. Unamfikia mtoto wa pichani miguuni kwanza, kisha kwenye gauni la mahameli, mwisho usoni. Mlinzi wa chumba hicho, mama wa makamo ambaye wenzake humwita Bi Kimya, anasimama mbele ya picha, mkoba ungali begani.

"Umeamkaje, baba?" anamuuliza.

Ni mtoto wa kiume, ingawa wageni wengi humdhania msichana. Baba yake alikuwa kabaila wa zama za kale, na wavulana wadogo wa koo zile walivishwa magauni. Macho yake yana usingizi, kama aliyeamshwa ili achorwe.

Bi Kimya alipopangiwa chumba hiki, aliomba ahamishwe. Homa ilikuwa imemchukua mwanawe wa pekee, wa rika hilohilo. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu, na simu ikaibwa siku za matanga.

"Nilimwonea wivu mama wa huyu," anajisemea. "Wa kwake kabaki ukutani. Wangu, hata sura ilianza kunitoroka."

Ombi lilikataliwa. Siku zikaenda, uchungu ukalegea, hata akajikuta anamsalimia.

Mwaka jana alikuja mchoraji mmoja, mwanamke, kuinakili picha ile. Alimsikia mlinzi akinong'ona, akamuuliza anaongea na nani. Machozi yakatangulia jibu. Mchoraji akafunua karatasi mpya.

"Haya dada, nieleze wako."

Paji la uso? Pana. Pua? Ya babu yake. Nyusi zikachorwa, zikafutwa, zikachorwa tena. Kazi ilipokwisha, Bi Kimya alinywea. Mtoto yule hakuwa wake.

Hata hivyo aliipeleka karatasi ile nyumbani. Mumewe, fundi viatu asiye na maneno mengi, aliitazama mpaka chai ikapoa.

"Siye," akasema. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Lakini masikio, mke wangu! Masikio ndiyo haya haya, yaliyokuwa yakigombana na kila kofia!"

Tangu hapo wanalitaja jina la mtoto wao mezani, jambo lililokuwa mwiko.

Mchoraji ameahidi kurudi. Safari hii fundi viatu atafunga kibanda, aje akae na mkewe mbele ya mchoraji.

"Mwenzangu anakikumbuka kidevu, mimi nayakumbuka macho," Bi Kimya anamwambia mtoto wa pichani. "Tukikaa pamoja, wetu atatimia."