Kisanduku Kilichosimama Kwenye Mashini ya Kusaga

Siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 12 mwezi wa kumi. Mvua ilipiga tangu alfajiri, ikaacha ghafula, na upepo wa upande wa ziwa ukabaki kutikisa mabati ya mtaa wetu wa Mudzipela.

Naandika haraka, nisije nikayapamba kesho. Shule niliiachia kwenye la sita. Wenye kujua redio vizuri watanisahihisha. Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Wapenzi wa redio wa ng'ambo ya ziwa wanarusha puto kubwa, na chini yake kisanduku chenye redio ndogo inayotaja mahali ilipo kila wakati. Puto likifika juu sana linapasuka, kisanduku kinashuka na parashuti. Siye wa huku chini tunadaka ile sauti kwa antene na kuituma kwenye ramani ya internet, ambayo mtu wa nchi yoyote anaweza kuifungua. Hapa Bunia tuko wawili tu: mimi na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayetengeneza telefone mbele ya nyumba yetu.

Leo puto lilipasuka karibu juu ya vichwa vyetu. Shemeji aliruka kama mtu aliyefunga goli. Kisanduku kilishukia kwenye mashamba ya mlimani, na bado tulikisikia, jambo ambalo kwetu ni nadra sana. Kikigusa udongo huwa kinatupotea.

"Shemeji, leo tutabapa njia yake mpaka mwisho!" aliniambia. "Hakuna mutu atasema ba Bunia balilala."

Kisha alama kwenye ramani ikaanza kutembea.

"Iko upepo," alisema. "Inakokota parashuti."

Nilitaka kumwamini, maana anajua kuliko mimi. Lakini alama ilifuata njia ya miguu, ikashuka mpaka kwenye chemchemi, ikasimama. Ikaendelea. Ikasimama tena kwenye mashini ya kusaga muhogo, ikakaa pale kama mtu anayengojea zamu yake.

"Upepo inaenda kusagisha bunga?" nilimwuliza.

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Kutoka mashini ile njia inaenda moja kwa moja kwenye bariere, na pale askari wanafungua kila mzigo. Mtu aliyeokota kitu chenye nyaya na antene, asiyejua ni cha nani, angejieleza namna gani? Siku hizi zetu za vita watu wamefungwa kwa kidogo kuliko hicho.

Sikuweza kutulia. Nilikaa, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Na niliporudi niliona jambo lingine: hatukuwa tunafuata puto tena. Tulikuwa tunaionyesha dunia nzima njia ya mtu anayerudi kwake. Nikazima internet.

"Weye! Unafanya nini? Benzetu beko banaangalia!"

"Redio inaendelea kusikia. Soma, lakini usitume."

"Nani alikupa ruhusa?"

Hakuna aliyenipa. Na lazima niseme, haki ilikuwa kwake pia: antene aliisimamisha yeye juu ya paa, mimi nilishika ngazi tu.

Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, nimwahi yule mtu kabla ya bariere, telefone sikioni, shemeji akinisomea kutoka nyumbani: "Imeacha mashini... inapanda... ambia ule wa moto aongeze!"

"Mama, tunafuata nani?" dereva aliuliza. "Bwana yako?"

"Endesha tu."

"Basi iko bwana."

"Iko mbele yako sasa," shemeji alisema.

"Mbele yangu kuko bamama bane!"

"Ile yenye kutembea."

"Bote banatembea, shemeji!"

"Ngoja... imesimama."

Mmoja alikuwa amesimama kukaza kikwembe cha mtoto mgongoni. Kichwani alikuwa na beseni, na chini ya mfuko wa bunga ilining'inia kamba ya parashuti, ya rangi ya machungwa. Nikashuka mbio.

"Mama, jambo. Unisamehe. Kile kitu uliokota kwa shamba kiko na redio. Usipite nacho kwa bariere."

Akanitazama. "Nani alikuambia nimeokota?"

"Chenyewe. Kinasema mahali kiko."

"Tangu kwa shamba?"

Ningeweza kusema hapana. "Tangu kwa shamba. Na kwa chemchemi. Na kwa mashini."

Alitua beseni, akatoa kisanduku, akakiweka kwenye majani, akapangusa mikono kwenye kikwembe chake. "Siye tulikimbia vita ya Djugu, ju batu ba silaha balijua njia zetu," alisema. "Na weye ulikaa kwako, unaniangalia."

"Niliangalia, mama."

Sikumwambia kwamba nilizima internet. Ingekuwa kama natafuta asante.

Akavuta kitambaa cha parashuti. "Na hii, nayo inasema?"

"Hapana. Hiyo haisemi."

"Basi inabaki." Akafunikia bunga yake, maana mawingu yalikuwa yanarudi. Sijui kama nilikuwa na haki ya kukubali. Kitambaa si changu.

Nilibaki nyuma, kisanduku ndani ya kikwembe changu. Pale bariere askari alikishika kile kitambaa, akakikunjua, akamwuliza maneno, akaingiza mkono ndani ya bunga. Kisha akamwonyesha njia apite. Ndipo nikagundua kwamba namwangalia tena, nikageuka.

Nyumbani shemeji alitoa batri ya kisanduku. Walioko ng'ambo walikuwa wameuliza kwa nini Bunia ilinyamaza. Alitaka kuandika kwamba umeme ulikatika.

"Andika mimi nilizima. Na kitambaa nilikiacha."

"Batatuona batu ba namna gani?"

"Sijui. Andika."

Aliandika, kwa jina langu peke yangu, na hiyo ni haki. Jibu halijafika. Tumeangalia telefone mara nyingi, yeye na mimi, kila mmoja akijificha mwenzake asimwone.

Jioni tulikula bugali ya muhogo na sombe, majani yake ya kutwanga, na samaki kidogo ya kukausha. Shemeji alisema hana njaa, kisha akala.