Mpaka Kwenye Robot

Mama yangu hasemi "mpaka kesho." Wakongomani wengine wote wa Durban wanasema. Ukifunga saluni jioni, mwenzako anakuambia "bon, mpaka kesho," nawe unamjibu hivyohivyo huku unatafuta funguo kwenye mkoba, na hakuna anayefikiria kitu. Ila mbele ya mama usilitamke. Mimi naishi Berea, yeye Overport. Kila jioni nikitoka kazini napita kwake, nakula, naosha sahani, halafu anafungua mlango na kusema, "Haya, nenda." Utadhani unafukuzwa. Wageni wanamwona mkali, na mimi nimechoka kuwaeleza.

Baba ndiye aliyetuambia neno hilo mara ya mwisho.

Nilikuwa mtoto, tunakaa milimani juu ya ziwa, upande wa Congo. Wakubwa walikuwa wameamua kugawa eneo letu upya, vijiji hivi viwe chini ya chifu huyu, vile chini ya yule. Wakaja watu mchana, na ndoo ya chokaa. Walikuwa na adabu zao, waliomba hata maji ya kunywa. Nyumba zilizoangukia ng'ambo ya mpaka mpya walizipaka alama mlangoni, na yetu ikapakwa. Mama alichukua kitambaa aifute. Baba akamkataza, akasema hayo ni mambo ya serikali, tena chokaa tu hiyo, mvua itaiosha. Mvua haikunyesha. Vijana wenye mapanga walipokuja hawakuuliza nani anakaa wapi, walifuata milango. Baba alitusukuma migombani, akarudi kumchukua mama yake. "Mpaka kesho," alisema. Hatukumwona tena, wala yeye wala bibi.

Kwa hiyo ile siku jirani yetu Mtanzania alipofungua mdomo wake, nilitamani kumrushia kopo zima la dawa ya nywele. Ana duka la simu chini ya ghorofa la mama. Ni mtu mwema, sikatai, ila Kiswahili chake ni kama taarifa ya habari. Kila asubuhi anamwamkia mama "shikamoo," na mama anamjibu "jambo," maana kwetu hatukukua na salamu hiyo. Siku hiyo alikuwa na habari ya uchaguzi wa madiwani.

"Mama, umesikia? Kata yetu imekatwa. Mpaka umesogezwa mpaka kwenye robot. Upande wenu huu mmetolewa."

Robot ndiyo taa za barabarani, ndivyo tunavyoziita huku. Na kwake yeye kata ni eneo la diwani, hakuna cha ajabu. Kwetu sisi kata ni kazi ya kisu.

"Nani anakatwa?" mama akauliza.

"Kata, mama."

"Nimesikia. Nani?"

Yesu wangu! Nilimvuta mkono tukapanda ngazi, nikamweleza taratibu kwamba ni mipaka ya madiwani tu, kwamba sisi sasa tutakuwa na diwani mwingine wa kumpigia kelele maji yakikatika na takataka zikilala barabarani. Kwamba wametutoa kwenye karatasi, si kwenye nyumba.

"Hata kule ilianza na karatasi," mama akasema.

Shetani naye hana likizo. Wiki hiyohiyo mafundi wa mabomba walipita, wakapuliza mshale wa rangi ya njano kwenye lami, mbele ya geti letu kabisa. Nilipofika jioni nilimkuta mama amepiga magoti barabarani, kitenge kimelowa mpaka kiunoni, anasugua mshale ule kwa brashi na sabuni ya unga. Mlinzi wa ghorofa amesimama pembeni hajui afanye nini. "Eish, Gogo," anasema, yaani bibi kwa Kizulu, "eish, Gogo."

Nilipiga kelele, naona haya hata kulisema. "Simama, mama! Ni ya bomba! Ya bomba la maji!"

Hakuinua kichwa. "Mara ya kwanza nilimsikiliza mume," alisema. "Safari hii simsikilizi mtu."

Hasira yangu ikaisha hapohapo. Nilivua viatu, nikashika ndoo, nikawa namwagia maji yeye anasugua, watu wanapita wanatuangalia. Rangi haikutoka yote.

Ndani nikakuta bunda. Sufuria lake kubwa, vitenge, Biblia, vyote vimefungwa kwa shuka. Anakwenda Johannesburg kwa kaka yangu, akasema, na kaka hakuwa hata na habari. Nililijua bunda lile. Tulilibeba Kigoma, tukalibeba Lusaka, na kila mahali mama aliondoka kabla hajaambiwa aondoke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama ameona ung'ongo katika kila mji. Lakini sasa magoti yamekwisha. Akitoka Overport nilijua hatakaa tena mahali popote, atahama na kuhama mpaka azikwe njiani, na mimi nilitaka azeeke sehemu moja, nijue pa kumkuta. Basi. Sikuwa na ombi lingine duniani.

Nilimbembeleza mpaka akakubali kitu kimoja tu. Uraia alikuwa ameupata, kura hajawahi kupiga hata moja. "Nitapiga hiyo kura yao niwaone macho," alisema. "Halafu nitajua." Bunda alilisogeza karibu na mlango.

Siku yenyewe tulitoka mapema. Zamani watu wa ghorofa lile walipigia kura kwenye ukumbi wa kanisa ng'ambo ya robot, hatua chache tu. Sasa tulitakiwa kwenda shule ya kata mpya, na njia yake inavuka robot kisha inarudi upande wetu. Mimi pia nilijiandikisha kwa anwani ya mama, maana Berea nahama chumba kila mara. Taa ikawa kijani, mama asivuke.

"Mpaka ni hapa?"

"Ni hapa."

Akaangalia chini, akaangalia huku na huku. Taksi zinapiga honi, mwanamke anauza mahindi ya kuchoma, vijana wa chuo wanacheka. "Sioni kitu," alisema.

"Hakuna kitu, mama."

Foleni ilikuwa ndefu lakini ya amani. Nilianza kujipongeza. Nilikuwa nimewaza kila kitu, kitambulisho, kiti cha kukunja, maji, dawa zake za presha. Nikasahau wino.

Hapa hupewi karatasi ya kura kabla hujapakwa wino kwenye kucha ya kidole gumba. Mimi nilipita mbele, nikapakwa bila kufikiri. Mama mmoja msimamizi wa mezani alipomshika mama yangu mkono na kuleta kalamu yake, mama aliunyakua mkono akauficha ndani ya kitenge, ukutani kabisa amejibana. Yule mama akasema kwa upole, "Ngiyacela, Gogo," anamwomba tu. Nyuma watu wakaanza kuguna.

Mama hakuwaona. Alikuwa ananiangalia mimi, na macho yale niliyaona mara moja tu, migombani. "Wanapaka sisi wa ng'ambo tu?" aliuliza. "Ama wote?"

Nilimwonyesha kidole changu. Akatikisa kichwa, maana mimi na yeye ni mlango mmoja. Basi nikawageukia waliokuwa wanatoka, nikawaomba kwa Kiingereza, tafadhali, mwonyesheni mama vidole vyenu. Mzee mmoja Mhindi aliinua chake. Wanafunzi wakainua vyao, wanacheka. Mama wa mezani naye akainua, kimepakwa tayari.

"Na wa upande ule? Waliobaki kanisani?"

Hapo nikakumbuka simu. Mwenzangu wa saluni anakaa ng'ambo ile ya robot, na mume wake ni mtu wa hapa. Asubuhi alinitumia picha ya familia nzima ya mume mbele ya ukumbi wa kanisa, wote wamenyoosha vidole, hata bibi kizee wa kwenye kigari. Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Aliangalia kidole kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

"Kumbe wote," alisema. Akatoa mkono.

Tulirudi polepole. Kidole alikishika mbali na nguo kama kimeungua. Tulipofika kwenye robot alisimama tena, safari hii si kwa woga.

"Kule wangetupaka sisi wote," alisema, "wale vijana wasingejua waanze na nani."

Taa ikabadilika, tukavuka.

Jioni nilipoamka kochini nilikopumzika, sufuria kubwa lilikuwa jikoni linachemka sombe, majani yetu ya muhogo. Shuka la bunda limetandikwa kitandani. Tulikula. Niliosha sahani. Mama akaja kunifungulia mlango kama kawaida, kidole chake cha wino mweusi kwenye kitasa, nami nikangoja nifukuzwe.

"Bon," alisema. "Mpaka kesho."

Nikashuka ngazi. Nilifika chini kwa muuza simu, nikasimama, neno lile la baba limenifuata. Nikapanda tena mbio, nikagonga.

"Umesahau nini?" aliuliza kutoka ndani.

"Hakuna kitu, mama. Fungua tu nikuone."