Tairi la Kubebea Mayai

Mwanvita hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa kuendesha baiskeli. Alijifunza akiwa mdogo kule Mlali, kwenye baiskeli kubwa ya kaka yake, akipenyeza mguu chini ya bomba la katikati kwa kuwa kiti hakukifikia. Alipoanguka mara ya kwanza alinyanyuka, akatema vumbi, akapanda tena kabla mama yake hajamaliza kumgombeza. Miaka ilipita, akaolewa, akaachika, akahamia Bigwa kwenye kiwanja cha ukoo wa mama yake na kuanza kufuga kuku wa mayai. Ulipofika wakati wa kushusha mayai mjini, hakufikiria bodaboda wala bajaji. Alinunua baiskeli ya kike ya mtumba, akafunga kreti la soda nyuma kwa mipira, akavaa suruali ndani ya dera, akaingia barabarani.

Watu walimzoea. Majirani walimwita Mama Shakila, kwa jina la binti yake. Wauza chipsi wa Msamvu walimwita Mama Mayai. Vijana wa bodaboda, ambao mwanzoni walimzomea, sasa walimpisha kwenye makutano kama wanavyopisha lori.

Kilichomshinda kilikuwa kitu kimoja tu: pancha. Njia ya kutoka kwake mpaka kwenye lami ilitambaa mbigili, na kiangazi kikikolea vimiiba vyake vilikauka vikawa vigumu kama misumari. Mjini kulikuwa na vipande vya chupa. Karibu na maegesho ya malori kulikuwa na vile vijinyuzi vya waya vinavyobaki chini tairi kubwa likipasuka. Vyembamba kama unywele, huvioni mpaka upepo umeisha. Fundi wake, Hatibu, aliziba tyubu ile mpaka viraka vikapanda juu ya viraka.

Mteja wake mkubwa alikuwa Eufrazia, mwokaji wa keki kule Kihonda. Mwanamke mpole, lakini kwa kazi yake hakuwa na mchezo. Jumamosi moja alikuwa na keki mbili za harusi, na Mwanvita alikuwa ameahidi mayai asubuhi na mapema. Alipofika Msamvu, tairi la nyuma likalala. Akaisukuma baiskeli mpaka kwa Hatibu, akakuta benchi limefunikwa turubai. Hatibu alikuwa amekwenda msibani. Basi akaisukuma hivyohivyo mpaka Kihonda, jua likimchoma kisogoni, akiwa ameushika mzigo kwa mkono mmoja usiinamie upande.

Alipofika, bajaji ya Mohamedi, kijana aliyekuwa akisambaza mayai kutoka shamba jingine, ilikuwa inageuza kuondoka. Jikoni mashine ya kupigia mayai ilikuwa inanguruma.

Eufrazia alitoka akijifuta unga mikononi. "Mama Shakila, mayai yako ni mazuri, siwezi kusema uongo. Lakini bibi harusi hamsubiri fundi wa pancha."

"Umesema kweli, dada."

"Hii si mara ya kwanza."

"Si ya kwanza," alikiri Mwanvita. "Ila itakuwa ya mwisho. Nitarudi, na siku hiyo hutatazama saa."

"Karibu. Lakini nafasi siahidi."

Mwingine angerudi nyumbani akilia. Mwanvita aliligeuza gurudumu, akawauzia wauza chipsi mzigo wote njiani, na alipokuwa anaisukuma baiskeli kupanda kuelekea Bigwa huku milima ya Uluguru imejifunika ukungu mbele yake, alikuwa tayari anawaza matairi.

Hatibu alikuwa wa kwanza kumshauri. "Tutaweka bitana. Tunakata tyubu ya pikipiki, tunaitandika ndani ya tairi. Mwiba utachoka njiani." Ilionekana ni akili, na kwa siku chache ilikuwa akili kweli. Kisha ukingo wa ile bitana ukaanza kuisugua tyubu mpaka ukaitoboa wenyewe. Hatibu alipoifungua alikuna kichwa. "Mama Shakila, leo mwizi katoka ndani ya nyumba."

Ndipo akaenda sokoni, kwenye duka la Luqmani, kijana aliyekuwa akiuza vifaa vya baiskeli, vipya na vya mtumba, na maneno mengi ya bure.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka tairi lisilotoboka."

Luqmani hakufikiri hata kidogo. Aliangua jozi moja kutoka kwenye kenchi za paa. "Haya hapa. Hayana tyubu, hayajazwi upepo. Mpira mtupu, ndani kwa nje. Yapige msumari, hayana habari!"

Mwanvita aliyabonyeza kwa kidole gumba. Hayakubonyea. Akayapenda palepale, akafungiwa yote mawili, na siku ileile akapita juu ya mbigili kwa makusudi, akaenda na kurudi, akicheka peke yake kama msichana. Vimiiba vilikatika chini ya gurudumu kwa sauti ya bisi.

Kesho yake akapakia mayai.

Kwenye lami laini mambo yalikuwa shwari. Lakini tairi lisilo na upepo halina huruma. Kila kokoto lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye kreti, na matuta ya barabarani yalimgonga mgongoni kama mchi. Alipofika Msamvu, kijana mmoja wa chipsi aliinama kutazama nyuma ya baiskeli, akaona ute umechuruzika juu ya madigadi.

"Mama Mayai," alisema, "leo umeyaleta yakiwa yameshavunjwa kabisa. Umetupunguzia kazi."

Wote walicheka, na Mwanvita naye akacheka mpaka akajishika mbavu. Lakini alipozitoa trei na kukuta ile ya chini imekuwa rojo tupu, moyo ulimuuma. Aliwafikiria kuku wake.

Jioni aliiosha baiskeli uani, akakaa kwenye kigoda mbele yake kwa muda mrefu. Hasira ya kumlaumu Luqmani ilikuja, ikapita. Yeye ndiye aliyeomba tairi lisilotoboka, na akapewa lisilotoboka. Neno mayai hakulitaja hata mara moja. Mtu akienda kwa fundi cherehani akasema anataka nguo isiyochanika, akishonewa gunia amlaumu nani? Alinyanyuka, akachukua kopo, akaenda njiani kuokota mbigili kabla giza halijaingia.

Asubuhi alitokea dukani kwa Luqmani na kopo lake la miiba mkononi na trei moja ya mayai kwenye kreti. Pale dukani alikuwapo Stambuli, mzee wa kuuza maji, na baiskeli yake iliyopinda kwa kubeba madumu. Tairi lake la nyuma lilikuwa limechakaa hata nyuzi zimechungulia.

"Nimekuja kubadilisha," alisema Mwanvita.

Luqmani akatikisa kichwa. "Mama yangu, mali ikishatembea barabarani hairudi."

"Imetembea, lakini ina kasoro gani? Tairi halijatoboka, wala halitatoboka." Akamgeukia Stambuli. "Shikamoo baba. Hivi maji yako yakitikisika yanaharibika?"

"Marahaba. Maji yakitikisika yanabaki maji," alijibu Stambuli, na macho yake yakawa yameshatua kwenye lile tairi.

"Basi umesikia, Luqmani. Mwenye tairi lake huyu hapa."

Luqmani alitazama huku na huku, akaona ameuziwa mteja ndani ya duka lake mwenyewe. Akacheka, akavua yale matairi na kumfungia Stambuli, na kwa thamani hiyohiyo akamwacha Mwanvita achague mengine.

Sasa hakuwa na haraka. Alichambua lundo lote. Tairi lililopigwa jua sana alilikunja ubavuni, akaona nyufa, akaliweka kando. Mwishoni yalibaki mawili. La kwanza lilikuwa zito, lenye kashata kubwa, vile vinundu vya mpira vya kukanyagia tope la milimani, na Luqmani alilisifia mno. La pili lilikuwa pana, kashata zake fupi, limevuliwa kwenye baiskeli ya mtumba iliyochoka fremu lakini haikuwa imetembea sana. Ukilibonyeza katikati, ulihisi chini ya kashata kuna ukanda mnene wa mpira uliojificha, hali ubavuni ni laini na linakunjika vizuri.

"Yafunge moja moja," alisema Mwanvita. "Nitayaendesha na mayai. Yatakayovunjika yakaangwe hapahapa, mle nyote."

Habari hiyo ilisafiri haraka kuliko mwendesha baiskeli yeyote. Wabeba mizigo, wauza ndizi, na akina mama wa mchicha walisogea, na wote, bila aibu, waliomba mayai yavunjike. Akaanza na lile zito. Lilivuma juu ya lami kama nyuki, na aliporudi aliwaonyesha watu: mayai mawili yalikuwa na nyufa, na katikati ya kashata vilikuwa vimenasa vijiwe na kipande cha waya, vinasubiri kusukumwa ndani polepole. "Hili litanifugia pancha," alisema.

Kisha akapanda kwa lile pana. Halikupiga kelele. Alilipitisha makusudi kwenye sehemu mbovu, mbele ya mifereji, akarudi, akafunua trei. Hakuna lililopasuka. Watu wakanuna. Akamwaga mbigili zake chini, akapita juu yake mara kadhaa, halafu wakalitazama pamoja: vimiiba vimekatikia kwenye mpira, ncha hazikufika popote.

"Hili," alisema. "Na mwenzake kama unalo."

"Lipo," alisema Luqmani, ambaye sasa alikuwa anajivunia kana kwamba wazo lilikuwa lake. "Ila mama, usiliache likae legelege. Tairi likipungua upepo ndipo linapokamata kila kitu."

"Nimesikia, mwanangu." Akatoa yale mayai mawili yenye nyufa, akaongeza na mazima, akampa mama wa chapati ayakaange. Wale waliokuja kwa ajili ya mayai hawakuondoka na njaa.

Juma lililofuata alikuwa mlangoni kwa Eufrazia kabla hata jiko halijawashwa. Eufrazia alifungua trei moja baada ya nyingine, akitafuta kosa. Hakulipata.

"Mohamedi sijamwacha," alisema hatimaye. "Hajanikosea."

"Sikuja kumtoa mtu, dada. Nimekuja kuleta mayai."

Eufrazia akamtazama kidogo, kisha akatabasamu. "Basi nusu yeye, nusu wewe. Na oda za harusi tutaona."

Mwanvita aliipokea nusu hiyo bila kunung'unika. Mayai yake yaliyobaki aliyapeleka kwenye migahawa ya upande wa Mafiga, ambako zamani hakuthubutu kwenda kwa sababu ya umbali, na kabla mvua za vuli hazijaanza alikuwa ameongeza banda la pili.

Pancha hazikuisha kabisa. Siku moja, karibu na reli, msumari mrefu kama kidole ulizama mpaka ndani. Kijana wa bodaboda akasimama na kumwuliza kama amwitie fundi. Mwanvita alikuwa ameshaweka mzigo kivulini na kuigeuza baiskeli magurudumu juu. Alimshukuru, akamwambia aende salama, kwani kuziba alikuwa ameshafundishwa na Hatibu; akachomoa msumari, akakwangua tyubu, akapaka gundi, akaibandika kiraka na kukishikilia kwa kiganja huku akiimba kaswida chini kwa chini. Alipomaliza kujaza upepo aliligonga tairi kwa ngumi, akapakia mayai yake, akaendelea na safari.