Mtaa Uliofufuliwa na Wafu

Wakubwa wa mji walipoihamisha steji ya magari kutoka mtaa wetu wa chini, hapo Homa Bay, na kuipeleka juu kwenye uwanja mpya, walituambia ni kwa faida yetu. Moshi ungepungua, walisema, na kelele pia. Walisema kweli. Moshi ulipungua, kelele zikapungua, wateja nao wakapungua, mpaka tukabaki na hewa safi kabisa. Sijawahi tena kuishi mahali penye hewa safi kama ile.

Mama yangu alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, mali ya mzee mmoja Mwislamu aliyekuja kutoka Pwani kabla sijazaliwa. Mzee aliuza kitambaa ndani, mama akakishona nje. Mwanamke alishuka kwenye gari akitoka Mbita au Rongo, akachagua rangi, na kabla hajafungua mdomo mama alikuwa ameshajua kifua chake ni inchi ngapi. Tepu aliivaa shingoni kwa ajili ya heshima tu. Macho yake ndiyo yaliyopima.

Steji ilipopanda, wenye maduka wakaifuata mmoja mmoja: kinyozi, muuza sufuria, mwenye hoteli ya chai na mandazi. Huko juu mitumba nayo ilikuwa imefika, imemwagwa juu ya magunia, na watu wazima wenye akili zao walikuwa wakigombania mashati ya Wazungu wasiowajua. Mama alishauriwa ahamie huko. Fundi wa steji hakukosa kazi: kupunguza suruali, kubana kiuno, kukata mikono ya makoti.

"Mimi si fundi wa kupunguza," alisema mama. "Mimi ni fundi wa nguo."

Hilo ndilo alilolipigania miaka yote ile: kukaa kwenye kibaraza kile na kuitwa fundi wa nguo. Hakutaka zaidi ya hapo, na mimi niliyekuwa na njaa niliona anataka makubwa mno.

Waliobaki mtaani walikuwa watatu: mama, mzee, na seremala wa vitanda wa mlango wa pili. Mzee alifuta vumbi kwenye majora yake kila asubuhi, kisha akakaa kusubiri vumbi jingine. Seremala alikuwa na mbao za kutosha kuulaza mji mzima, na mji mzima ulikuwa na vitanda. Mama alishona vilivyochanika nyumbani, vilipokwisha akashona visivyochanika. Nilikuwa nikisoma bweni upande wa Asumbi, na kila nikirudi likizo nilikuta maajabu mapya. Mito ilikuwa na marinda. Kitambaa cha kupangusia sufuria kilikuwa kimepigwa pindo mara mbili. Tulikula ugali na sukuma wiki, sukuma wiki na ugali, juu ya meza iliyovaa kuliko sisi.

Kisha siku moja mtu wa Karungu akamjia seremala. Nduguye alikuwa amefariki hospitalini na alitaka jeneza. Seremala hakuwahi kutengeneza jeneza maishani mwake, lakini mbao alikuwa nazo. Alipomaliza kupiga vanishi akaja kibarazani kwetu.

"Mama, hii maneno si ngumu," akasema. "Ni kitanda tu, lakini iko na mfuniko. Wewe nishonee matandiko."

"Mtu akilala kwa kitanda anaamka," mama akamjibu. "Hiyo yako, nani ameamka?"

Alikataa katakata. Mama alikuwa Msabato wa kweli, hakuogopa mizimu, lakini kazi yake aliijua: vazi ni la mtu anayetembea. Ndipo mzee akatoka dukani na jora la kitambaa cheupe lililokuwa limeanza kugeuka manjano kwenye mikunjo.

"Fundi," akasema, "huyu ni ndugu wa mtu. Alazwe kwenye mbao tupu, na sisi tuna kitambaa na uzi? Aibu hiyo mimi siitaki mlangoni pangu."

Mama akashona. Kosa lake ni kwamba alishona vizuri. Kwetu, kabla ya mazishi, jeneza huachwa wazi na waombolezaji hupita kwa mstari kumtazama marehemu mara ya mwisho, na mwombolezaji wa kwetu anaweza kulia kwa macho mawili huku akikagua kwa hayo hayo. Kijiji kizima kiliona marinda manne, mto wenye kingo za lesi, na pembe zisizo na mkunjo hata mmoja. Wiki iliyofuata walikuja watu wa familia mbili. Iliyofuata, tano.

Miaka ile vijana walikuwa wakirudi kutoka Nairobi na Mombasa wamekonda, mashati yakiwapwaya, na hakuna aliyeutaja ugonjwa. Wengine walisema ni malaria iliyokataa dawa, wengine wakasema ni chira, mtu amevunja mwiko wa wazee. Mtaani kwetu hatukusema chochote, tulipima. Familia zilikuja kutoka mochari na uzi uliofungwa fundo pale urefu wa marehemu ulipoishia. Mama aliutazama uzi huo ukining'inia na kumtajia seremala futi na inchi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na niliogopa. Nilijua nyuzi zile zilikuwa za watu walionizidi miaka michache tu.

Mtaa ukafufuka. Sijui neno jingine. Maseremala wakawa sita. Akaja mchoraji wa kuandika misalaba, akaja mpiga picha wa kukuza picha za vitambulisho mpaka marehemu akaonekana anashangaa kuwa mkubwa kiasi kile. Mwenye hoteli alishuka kutoka steji na masufuria yake, kinyozi akamfuata, na wote wawili walidai hawakuwahi kuondoka kwa moyo. Magari ya abiria yaliyokuwa yametukimbia yakaanza kushuka yenyewe, maana mzigo wa kufunga juu ya keria ulikuwa kwetu. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe, kwa kuwa mazishi yalikuwa Jumamosi, na kwa kuwa mama hakugusa sindano jua la Ijumaa likishatua, ukoo mzima wa Wakatoliki ungeweza kuonekana ukikimbia kuwahi Sabato.

Mkubwa mmoja wa mji alikuja kututembelea. Alisimama mbele ya majeneza yaliyosimamishwa ukutani, akasifu uwekezaji, akasema mtaa huu ni ushahidi kwamba mipango yao ilikuwa mizuri tangu mwanzo. Watu walipiga makofi. Mimi nilicheka, mama akanifinya.

Yeye hakuwa na la kuchekea. Watu walianza kumwita Mama Sanduku. Akiinua tepu tu kuikunja, wapita njia walivuka barabara. Mwalimu mmoja, mtu mrefu, alikuwa akipita upande wa pili huku ameinama kidogo ili asipimike. Mama aliliona hilo na likamuuma, ingawa alimsalimu kila siku kwa sauti ya juu, nadhani kwa makusudi.

Aliyemuumiza zaidi alikuwa bibi harusi. Alikuja na mama yake kutoka Migori, wamesikia sifa za mkono wa mama bila kusikia sifa hizo zilitoka wapi. Mama alifurahi mpaka akawapisha kiti chake. Alikuwa ameshapima mabega na anazungumzia mikono ya gauni, binti alipogeuka na kuona kilichoegemezwa ukutani mlango wa pili. Akatazama kitambaa cheupe kwenye cherehani. Akatazama tena ukutani.

"Mama, twende," akamwambia mzazi wake. "Yangu haiwezi kushonwa hapa."

Jioni ile mama alimwambia mzee kwamba anahamia steji kupunguza suruali. Mzee alikuwa mtu pekee mtaani ambaye hakuwahi kumwita Mama Sanduku. Alimwita fundi wa nguo, na kila Ramadhani ilipokaribia alimwagiza amshonee kanzu mbili, mtu mwenye mwili mmoja na kanzu za kuvisha msikiti.

"Ukienda," akasema, "n'tazungumza na nani? Na hawa watu wa mbao? Kaa, fundi. Maadamu mimi ni hai, kibaraza hiki ni chako."

Mama akakaa. Kwa neno hilo la mtu mmoja alivumilia jina la wengine wote.

Mzee alipofariki, wanawe walikuja kutoka Pwani, watu wenye adabu sana, wakalikodisha duka. Leo hii ungeweza kudhani mtu alipanga: duka la mwisho la vitambaa mtaani likawekwa kioo na kuwa duka la majeneza. Mama alipanda steji na cherehani yake na kupunguza suruali za mitumba mpaka macho yalipochoka. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Siku ya msiba wenyewe ilikuwa Alhamisi. Mzee alikuwa amefariki alfajiri katika chumba cha nyuma ya duka, na kufikia saa tatu wanaume wa msikiti walikuwa wamejaa ndani. Nyundo za maseremala zikanyamaza zote sita. Jirani yetu, yule wa jeneza la kwanza, alikuwa na moja la mvule alilolihifadhi kwa mteja mkubwa. Alilipangusa, akalibeba na mwenzake mpaka mlangoni, akasema ni bure, ni la ujirani. Mwanamume mmoja akatoka, akamshukuru, akamweleza kwa upole kwamba wao hawaziki ndani ya sanduku. Mtaa mzima uliishi kwa mauti, na maiti ya mtu wetu wenyewe haikuhitaji chochote tulichokiuza. Wakalirudisha.

Mama hakuwa amekata tamaa. Alikuwa ametia uzi mweupe mpya, amepaka mafuta cherehani, na mguu wake ulikuwa tayari juu ya pedali. Mwanamume yule akatoka tena, akaomba mkasi, kwa kuwa wa dukani ulikuwa butu. Mama akampa mkasi wake mkubwa, ule ambao mimi sikuruhusiwa kuugusa. Tulisikia kitambaa kikikatwa ndani, mikato mirefu. Baada ya muda akaurudisha.

"Asante, mama."

"Leteni basi nishone," mama akasema. "Niko tayari."

"Haishonwi, mama. Sanda haina mshono."

"Hata pindo?"

"Hata pindo."

Adhuhuri ilipopita walimbeba mabegani wakaenda naye, haraka, karibu wanakimbia, na mtaa ukabaki kimya na milango wazi. Mama hakuinuka. Nilimwambia twende nyumbani. Kisha akasema kwa Kijaluo, polepole, machozi yakimtoka bila kuyafuta:

"Nimewashonea watu nisiojua hata majina yao. Huyu aliyeniita fundi sina hata mshono mmoja wa kumpa."

Akakanyaga pedali. Sindano ilipanda na kushuka kwa muda mrefu, na chini yake hapakuwa na kitambaa.