Garimoshi Linalokamwa Voi

Saa moja asubuhi, hoteli ya chai ya Mzee Elijah Mwandawiro karibu na stesheni ya Voi imeshajaa, lakini leo wateja hawajakaa ndani. Wamesimama nje, vikombe mkononi, nami kati yao na daftari langu, wanamtazama Mideva akikanda udongo mwekundu na samadi kwenye karai.

Kazi ya Mideva ni kusiriba nyumba za udongo. Anaziba nyufa, analainisha ukuta kwa kiganja, kisha anachora nakshi kwa udongo mweupe, majivu na masizi. Alifundishwa na mama yake huko Maragoli, kabla hajaolewa na kuletwa huku na Jeconia, kibarua wa reli. Jeconia alifariki mwaka wa 1971. Tangu hapo ni mikono hii inayolisha watoto wanne, Nico na wadogo zake, na malipo ya ukuta mmoja hayafikii bei ya gunia la mahindi.

Kila Desemba husiriba upya ukuta wa Mzee Elijah, Krismasi isije ikaukuta na nyufa. Mwaka jana, 1975, mzee alimwomba achore kikombe cha chai na mandazi. Kikombe alikichora. Lakini juu yake alichora garimoshi limelala katikati ya shamba la mkonge kama ng'ombe. Lina kiwele, na mwanamke asiye na uso analikama. Juu ya kila mlingoti wa ua la mkonge kunaning'inia kiatu, vyote vya mguu wa kushoto.

"Niliota hivyo," anasema bila kuinua kichwa. "Nikaamka, nikachora. Sikuongeza kitu, sikupunguza."

Mtu wa Voi anajua kwamba picha kwenye ukuta wa hoteli inatangaza kinachouzwa ndani. Kwa hiyo wapagazi wa stesheni walikuwa wakiingia na kuagiza chai ya maziwa ya garimoshi, wakacheka wiki nzima. Kisha kicheko kikaisha. Mmoja akasema reli imedhihakiwa. Mwingine akasema vile viatu ni vya watu watakaofia njiani, na kina mama wenye watoto mgongoni wakaanza kuzunguka mbali.

Wazee wa kanisa ambako Mideva huimba kwaya walimwita wakamwuliza picha ina maana gani. Akawajibu kwamba hajui. Hilo ndilo lililowaudhi. Angesema ni onyo dhidi ya pombe, wangempa kiti cha mbele.

Aliyekuwa na jina la kuipa picha hiyo ni Crispus Maundu, mwalimu wa sanaa aliyetoka Machakos, ambaye hunywa chai hapa kila Jumamosi. Anasema Ulaya, baada ya vita vya kwanza, walitokea wachoraji waliofanya kazi namna hii, na sanaa yao ikaitwa usurealisti. Nilimwuliza inajulikanaje, kwa maana picha za ajabu Voi hazijapungua. Bucha ya jirani ina simba aliyevaa koti.

"Yule simba ni mzaha," alisema. "Unacheka, umeuelewa, umemalizana nao. Hapa kila kitu ni cha kweli. Kiwele ni kiwele. Garimoshi ni lile lile la Taveta, hata magurudumu yako mahali pake. Lakini vimekutana pale ambapo akili ikiwa macho haiwezi kuvikutanisha. Na mwishoni hakuna funzo."

Mwalimu anakiri kwamba alipokuja mara ya kwanza alimhesabu ndovu mwekundu aliye pembeni ya picha kuwa ndoto pia. Wateja wakamwambia akasimame kando ya mbuga aone. Ndovu wa hapa wote ni wekundu, wanaoga vumbi hili hili ambalo Mideva anasiribia. Tangu siku hiyo husema kwamba ajabu peke yake haitoshi.

Mideva alipoelezwa habari za Ulaya alicheka kidogo. "Wakija, mwalimu, wakaribishe chai. Lakini hii ndoto, niliyeiota ni mimi."

Lakini mwalimu alipoongeza kwamba labda picha ni kilio cha mjane, Mideva hakucheka. Hata mimi nilikuwa nimefikiria hivyo, na nashukuru sikutangulia kusema.

"Jeconia nilimzika," alisema. "Nilimlilia, nikamaliza. Kwa huo ukuta hayuko. Kila mtu anataka kunipatia maana, ni kama mimi ni mtoto nimepotea."

Basi wazee wakaongea na Mzee Elijah, naye si mtu mbaya, ila anaogopa kukosana na watu. Akampa Mideva njia mbili: aandike maana chini ya picha, au akija kusiriba Desemba hii aifunike. Kazi ya kusiriba madarasa ya kanisa, kubwa kuliko zote alizowahi kuahidiwa, inategemea hilo.

Walijaribu kumtuma Philister, msiribaji mwenzake kutoka magharibi, aifunike yeye. Alikataa katakata. Anasema walikolelewa, mwanamke hapitishi mkono juu ya ukuta wa mwenzake ambaye bado yu hai.

Kumbe Mideva hakuwa na nia ya kuihifadhi.

"Kwetu ukuta hauwekwi," ananiambia. "Mwaka ukiisha unasiriba, unachora ingine. Hii ningeifuta mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Sasa wameniamuru, mkono umekataa."

Anaanza upande wa kushoto. Kiganja kinakwenda nusu duara baada ya nusu duara, ukuta unang'aa kwa unyevu. Anafika ukingo wa shamba la mkonge. Mideva anasogeza karai, anaizunguka picha, anaendelea upande wa pili.

Mzee Elijah anatoka, kitambaa cha kufutia meza begani.

"Mama Nico, umebakisha."

"Nimeona, mzee."

"Na ile kazi ya kanisa?"

"Wampatie mwenye atawachorea maana."

Anachovya kidole kwenye masizi na kukikoleza kiwele, ambacho mvua ilikuwa imeanza kukila. Kisha viatu, kimoja baada ya kingine. Mzee anaingia ndani, anarudi na kikombe cha chai, anakiweka juu ya kigoda kando yake. Mimi ananiambia kwamba siku akipata pesa za matofali ataubomoa ukuta huu.

"Abomoe," anasema Mideva, amempa mgongo. "Ukuta ni wake."

Jioni ananipeleka kwake, ng'ambo ya reli. Nyumba ni ya chumba kimoja, kwenye kiwanja alichokinunua mwenyewe, na ukuta wake wa mbele unaitazama reli ya kwenda Taveta. Ameusiriba ukawa laini, mwekundu, bila alama hata moja. Hapa hakuna wa kumpa masharti, na abiria wataona wapende wasipende. Kazi ya madarasa ameshaitoa moyoni. Huu ndio ukuta anaoutaka.

Namwuliza atachora nini. Anafuta mikono kwa leso, ananitazama kama mtu aliyeulizwa mvua ya kesho itanyesha saa ngapi.

"Bado sijaiota," anasema.